Spika ya Baba

Harufu ya risasi inayoyeyuka fundi redio anapounga waya pale Karatu hunirudisha kanisani Mbulumbulu. Spika ya gitaa la kwaya ilikuwa imepasuka. Baba alileta nyingine, jirani naye akaleta yake, zikaungwa waya kwa risasi palepale ili ichaguliwe moja. Akina mama wa kwaya, Mama akiwemo, waligeukia ukutani wasione ipi inapigwa, wakazisikiliza zote mbili. Ya jirani ililia safi kuliko yetu, nikamchukia yeye, mkewe, hata mbuzi wao.

"Hiyo ya pili," alisema Mama, kabla ya wote. Ilikuwa ya jirani.

Njiani Baba alibeba spika yake begani. "Wiki nzima naijaribu nyumbani, na bado hukuijua?"

"Niliijua, baba watoto. Inakwaruza."

Baba akaihamishia bega la pili, mbali na Mama.