Tumbo la Muha

"Kipindupindu kitamwogopa Muha. Tumbo hili linasaga misumari," Anton alitangaza kwenye foleni ya mshahara wa shilingi kumi na tano kwa siku, mbele ya godauni la tumbaku, mwaka sabini na nane. Watu walicheka mpaka karani akadondosha kalamu.

Mabruki hakucheka, aliyaweka akilini. Alikuwa mnyapara, Mnyamwezi wa mjini Tabora, kofia yake imenyooka kuliko reli. Wiki iliyofuata ugonjwa uliposhuka na abiria wa treni ukaingia godauni, akasoma orodha. Wanyamwezi wote ndani, kuchambua majani. Waha wawili, Anton na binamu yake Damas: kusafisha vyoo na kubeba wagonjwa.

"Si ulisema mwenyewe, mtani?"

Hapo ndipo utani wa makabila unapokunyonga. Muha akinuna mbele ya Mnyamwezi, mjinga ni yeye. Anton akatoa meno. "Basi tupe glavu."

"Glavu zimekwisha nchi nzima. Na nyie hiyo mikononi si ngozi, ni magome."

Siku tano walimwaga matapishi ya watu kwa mikono mitupu. Anton alinusa vidole kabla ya kila tonge, utadhani ugonjwa una harufu. Siku ya sita Damas aliomba kwenda chooni mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya nne hakuwahi kuomba.

Anton alimbeba mgongoni hadi kambi ya wagonjwa, akimtania asije akalala. "Muha gani wewe? Misumari yote umeimwaga njiani."

Damas alijaribu kucheka. Adhuhuri hakuifikia.

Anton hakulia. Alirudi godauni, akasimama katikati ya wachambuaji.

"Mabruki, Damas amekufa. Kuchimba na kubeba ni kazi ya watani. Tunakusubiri."

Mikono yote ikasimama juu ya majani. Mabruki akautazama mlango, kisha akawatazama watu wake, nao walikuwa wakimtazama yeye. Mnyamwezi aliyekimbia msiba wa mtani wake hana pa kuuweka uso, hata akahamie Sikonge.

"Nakuja," akasema. "Napita mtaa wa Kanyenye kwanza."

Saa kumi alifika makaburini. Mikononi alikuwa na glavu za mpira, mpya, bado zina poda. Akashika mpini wa machela bila kumwangalia mtu.

Anton akashika mpini wa pili, mikono mitupu.

"Umezipata wapi, mtani?"

"Dukani. Zimejaa rafu nzima."

"Bei gani?"

"Shilingi kumi na mbili."