Siku Mtani Alipovaa Koti Langu

Nilichaguliwa mwenyekiti wa Kamati ya Haki na Amani ya kigango chetu kwa sababu mbili: nina sauti kubwa, na nilikuwa na pikapu. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya uchaji wangu. Waache waseme. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo sijajifunza kupamba maneno.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Ghafla kila mtu anauza, mitumba imejaa Mwanza mjini mpaka barabarani, na malori ya barafu yanawafuata sangara hadi kijijini kwetu, mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Mimi nilianza kwa kubeba ndoo ya samaki kichwani. Nikapata baiskeli, nikapata mtumbwi, nikapata injini, nikapata pikapu. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nilikuwa nalisema kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Kazi ya kamati ilikuwa rahisi. Jumuiya zilisali nyumba kwa nyumba, na baada ya sala mwenye ugomvi aliusema. Ukishindikana, uliletwa kwetu kigangoni Jumapili baada ya ibada. Padre, aliyekuwa anafika mara moja kwa mwezi, alitufundisha kusikiliza pande zote mbili kwa upole. Mimi niligundua njia fupi. Niliwakalisha wagomvi kwenye benchi moja, nikafunga mlango, nikasema hakuna anayekwenda kula mpaka wapatane. Ndugu wawili waliokuwa wakigombania plau tangu baba yao afe walikumbatiana kabla ugali haujapoa. Katekista, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, akaandika kwenye daftari: "Amani imepatikana." Nikamwambia aongeze: "haraka."

Sasa nije kwenye mwamba.

Chini kabisa, ziwani, kuna mwamba bapa, mpana kama uwanja wa kanisa. Wanawake walianika dagaa pale tangu sijazaliwa. Dagaa wa mwambani ni safi. Wa mchangani wanakwaruza meno. Mnunuzi akitafuna mmoja tu, anageuza shingo. Kati ya wanawake wale alikuwemo binti wa shangazi yangu, mjane. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako: anaweza kukuambia lolote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Mwamba ule ndio uliokuwa shamba lake. Hakuwa na jingine.

Mimi nikanunua kiwanja palepale. Nilitaka kujenga gesti ya wanunuzi wa samaki, yenye baraza linalotazama maji. Nikapata karatasi yenye mhuri. Nikazungusha ukuta wa mawe, mwamba ukabaki ndani, nikaweka geti la chuma kutoka mjini, la bluu, lenye maua ya chuma juu. Geti zuri. Mpaka leo sijaona la kulifikia. Asubuhi wanawake walipokuja na ndoo zao walikuta limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu.

Wiki ile mtani wangu alianika mchangani. Mnunuzi alitafuna dagaa mmoja, akatema, akapanda lori lake. Mzigo mzima ukarudi nyumbani, kuku wakashiba.

Jumapili katekista akafungua daftari, akashindwa kuninyanyulia macho.

"Kuna shauri la mwamba," akasema. "Mlalamikiwa ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani?"

"Wa kamati hii, mzee."

Akaomba nitoke nje wao wasikilize. Nikamwambia haiwezekani: nikitoka kikao hakina mwenyekiti, na kikao kisicho na mwenyekiti si kikao. Nitalisikiliza mwenyewe, bila upendeleo. Nikamsikiliza mtani wangu mpaka mwisho, kwa upole, kama padre alivyotaka. Halafu nikajiuliza maswali mawili kwa sauti.

"Una karatasi ya kiwanja?"

"Ninayo."

"Yuko uliyemwibia?"

"Hapana, mheshimiwa."

Nikajiachia huru.

Mtani wangu hakubisha, na hapo ningepaswa kushtuka. Alikusanya khanga yake, akasema, "Sawa, mwenyekiti. Mungu akulaze mahali pema." Nikadhani ni uchungu tu umemchanganya.

Jumanne asubuhi nikasikia vilio. Vinatoka kwenye geti langu. Nikakimbia na kandambili moja. Nakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, khanga vichwani, moto umewashwa, sufuria la ugali linafuka. Wavuvi waliokuwa wanapita wanavua kofia. Katekista amesimama pembeni na rozari, anatamani ardhi immeze.

"Nani amefariki?" nikauliza.

Mama mmoja akanitazama kwa huruma. "Mwenyekiti, baba. Pole sana."

Mtani wangu akajitokeza nyuma ya ukuta. Amevaa koti langu.

Kwetu mtu akifa, mtani huja msibani akavaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Nimeliona hilo mara nyingi. Sikuwahi kuliona likifanywa mbele ya mwenye nguo. Na koti lenyewe ni lile la kahawia la Jumapili, la vifungo vikubwa, ambalo jana yake lilikuwa limetundikwa chumbani kwangu. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Yupo mkekani kati ya wafiwa, anajipangusa machozi ambayo sikuyaona.

Mtani akapita katikati, tumbo mbele, mikono mgongoni. Akakohoa mara mbili. Kumbe nakohoa mara mbili, sikujua.

"Hakuna anayekwenda kula!" akanguruma.

Wanawake wakaangukiana kwa kicheko.

"Nilianza na ndoo kichwani! Hakuna aliyenishika mkono!" Kisha akarudisha sauti yake. "Marehemu aliipenda haki, ndugu zangu. Aliipenda mpaka akaifungia na geti."

"Mimi mzima!" nikasema.

"Mnamwona?" akawaambia waombolezaji. "Ndivyo alivyokuwa. Anabishia kila kitu."

Katekista akageukia ziwa, mabega yanatikisika.

Halafu mtani wangu akaacha kunguruma. Akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti langu, akaniangalia mimi tu. "Na ile ndoo ya kwanza, marehemu hakuwahi kuwaambia ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mama yangu. Dagaa wa mama yangu, wa hapo ndani, juu ya mwamba. Alimpa akauze, akamwambia usirudishe kitu, anza maisha."

Mimi sikuwa nimesahau. Nilikuwa tu siisimulii sehemu hiyo.

Mtani akishaingia msibani hatoki mpaka wafiwa wampe kitu, na bila hivyo watu hawaziki. Akamgeukia mke wangu. "Haya mjane, unatutoa na nini?"

Mke wangu akainuka, akanijia, akanyoosha kiganja. "Lete."

"Nilete nini?"

"Ufunguo. Marehemu hana mifuko, mume wangu."

Ningeweza kukasirika. Lakini nikikasirika, ziwa zima, mpaka Ukerewe, litasimulia kwamba kuna mzee alimkasirikia mtani msibani kwake mwenyewe. Nikatoa ufunguo. Naomba ieleweke niliutoa kwa mkono wangu.

Wakafungua, wakaingia, ndoo zikamwagwa, mwamba ukageuka fedha tupu juani. Mimi nikapewa sahani nile kwenye msiba wangu: ugali na dagaa. Walikuwa wale wa mchangani, waliowashinda kuku. Mtani wangu alikaa mbele yangu akanitazama ninavyotafuna. Nilisaga mchanga, nikameza, nikaomba ya pili. Hapo ndipo aliponipa mkono.

Mwisho wa mwezi padre akaja, akafungua daftari, akasoma: "Amani imepatikana. Mwenyekiti amefariki." Akanitazama juu hadi chini. Nikamwambia asishangae, yalifanyika haraka.

Gesti niliijenga ng'ambo ya barabara. Maji huyaoni vizuri, lakini wanunuzi huja kulala, hawaji kutazama maji. Geti nilimpa mtani, akalilaza juu ya mawe manne, akatandika wavu. Siku za mvua, mwamba ukilowa, ndiyo chanja yake ya kuanikia. Yale maua ya chuma yanamchania khanga, na kila yakimchania ananitukana kwa sauti ili nisikie.

Koti hajanirudishia. Asubuhi nikikaa nje naliona linatembea juu ya mwamba, limeinama, linageuza dagaa. Nikimpigia kelele alilete, anakohoa mara mbili, ananijibu kwamba nguo za marehemu ni za mtani, na kama nina malalamiko niyapeleke kwa mwenyekiti.