Mfagiaji anayejutia chai ya asubuhi

Saa kumi na mbili asubuhi, Kiranja anainama kukitoa kizibo cha bia kilichojibana kwenye ufa wa lami. Anakitazama, anasonya, anakitupa kwenye toroli. Meza za baa ziliondolewa wiki mbili zilizopita, lakini vizibo bado anaviokota.

"Hivi havitakaa viishe," anasema.

Ni mama wa miaka arobaini na minane, mfagiaji wa manispaa. Jina la Kiranja amepewa na wenzake kwa sababu ya mdomo wake. Barabara hii ya maduka ameifagia miaka kumi na mmoja.

Mwezi uliopita, wakati wa mashindano ya mpira, manispaa ililegeza kamba kwa siku kumi. Baa ziliruhusiwa kuuza kuanzia saa moja asubuhi, na watu kunywa hadharani bila kukamatwa. Wenye baa walichekelea. Wafagiaji walikiona cha moto.

Kabla ya hapo, kila siku saa mbili asubuhi Kiranja alikimbia nyumbani kunywa chai na mumewe, fundi viatu, aliyekuwa ameacha pombe kwa miaka mitatu na miezi minne. Chupa na makopo yalipomzidi, akampigia simu.

"Nikamwambia, baba watoto, leo sitoki huku, niletee chai. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu!"

Siku ya kwanza fundi alifika na chupa ya chai na vikombe viwili. Wafagiaji wakamtania: "Shemeji, sisi tumekosa nini?" Kesho yake akaja na vikombe vitano, akawamiminia wote huku akicheka.

Siku ya nne hakuonekana.

"Nikadhani usingizi umempitia. Kwenda kutazama, namkuta kwenye meza za baa na wale rafiki zake wa zamani. Chupa ya chai ipo mezani, hata hajaifungua. Ananiambia, 'Mke wangu, si wameruhusu?'"

Ruhusa ilikwisha, na tangazo la katazo likarudi ukutani. Fundi sasa anakunywa chumbani, na viatu vya wateja vimelala kibandani bila soli.

Mwandishi alipomwambia kosa si lake, alimkata jicho. "Wewe ndiye uliyempigia simu?"

Manispaa imeshasema ruhusa itatolewa tena mwisho wa mwaka. Kiranja ameomba ahamishiwe barabara ya hospitali, ambako hakuna baa hata moja. Bado hajajibiwa.

Saa mbili kasoro anaegesha toroli na kukung'uta vumbi kwenye kanga. Siku hizi chai anaifuata nyumbani, kama zamani.

"Namimina vikombe viwili," anasema, akianza kutembea. "Asipoamka, nakunywa changu. Chake nakifunika na kisahani, maana iko siku ataamka mapema, na sitaki akikute kimepoa."