Bi Harusi wa Mtungini

Leo mjukuu wangu kafungua chupa ya siki, harufu ikanipiga puani, nikajiona niko uani kwetu Mlandege, mikono yanata maji ya mabibo ya mikorosho.

Siki tukiitengeneza kwa mabibo hayo, nyumba nzima. Kila mtungi tukiupa jina, na yote nnayakumbuka: Bi Mkali, Bi Machozi, Bi Usinionje. Mtungi wangu wa mwanzo niliuita Bi Harusi, maana achari ya harusi ya dada yangu ilikuwa yaungojea.

Siku ya kuijaribu siki ilipofika, bibi yangu akanambia, "Haya, mwite. Akikujibu shii, bado anachemka, bado ni tembo la kulevya. Haramu hiyo, tunamwaga."

Nikatega sikio mdomoni mwa mtungi.

"Bi Harusi!"

Kimya.

"Bi Harusi weee!"

Kimya.

"Kiziwi!" nikapiga kelele, narukaruka. "Bibi, huyu kiziwi!"

Bibi akachota kijiko, akaonja. Jicho moja likajifumba, mdomo ukaenda upande, machozi yakamchuruzika.

"Utaniua we mtoto!" akasema, huku anakohoa na kucheka. "Mbio, kalete maembe ya achari!"