Umuravumba wa Jirani Yangu wa Nengo

Habari ilinikuta nikisimamia ukataji wa nyasi zangu: jirani yangu wa hapa Nengo, karibu na mpaka wa Kongo, mama aliyezungushia nyumba yake uzio wa umuravumba, amefariki. Wasomaji wangu mnanijua. Nilirudi kutoka Tanzania na sanduku moja na stashahada ya kilimo, nikajenga bila kumpigia mtu magoti, na wapita njia husimama kuitazama bustani yangu. Lakini kiangazi kikifika, uzio wake uliishinda. Mmea ule wa porini, ukishapukutisha majani yake mengi, hujaa vishada vya maua ya zambarau hafifu, na harufu yake kali ilivuka hadi barazani kwangu.

Yeye alirudi kutoka Kongo, na dada zake bado wako Goma. Tawi la kwanza alilikata porini Busasamana, akalichomeka, likashika. Watu wakaanza kuja kuomba majani, huyu kwa kikohozi, yule kwa tumbo. Hakumtoza mtu. Wakamwita "docteur", na hata wachuuzi wanaovuka mpaka kila asubuhi walipitia kwake kwanza. Mimi alinichokoza: "We diplomé, majani yako hii hata mbuzi haiyakule. Inasaidia nani?"

"Inasaidia macho, Mama."

"Bon! Macho ikikuuma, utakuja kwangu!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi kile hakikuisha. Nilimwambia aende kituo cha afya. Akanisogelea, akashusha sauti: "Nisimame kwa mulongo ya wagonjwa na watu yangu? Watasema docteur naye iko mugonjwa. Nani atarudi hapa?"

"Wasirudi, Mama. Wewe kapimwe."

"We uko na diplôme, baba. Mi niko na hii miti tu."

Nimezoea kushinda mabishano. Hilo lilinishinda. Binti yake alipompeleka hospitali, mapafu yalikuwa yameshaharibika.

Siku ya maziko niliwaona waombolezaji wakichuma majani ya uzio ule wakitoka. Sikuwakasirikia, wala sitaki mmea ulaumiwe. Naijua mimea, na huo umetuliza vifua vingi. Kinachoninyima raha ni jina lile la docteur. Tulimpa sisi, tukalifurahia, kisha hatukumwachia nafasi ya kuugua. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema, kana kwamba anayeficha hana anachokilinda. Na katika mji huu unaojengwa kila siku, nani hana cha kulinda? Mfanyabiashara hafilisiki, mchungaji hachoki, na mimi, kama nilivyowaandikia mara nyingi, sihitaji mtu.

Binti anauza nyumba, na mnunuzi anataka ukuta wa matofali. Kabla hawajaung'oa uzio, nilikata tawi nikalipanda katikati ya nyasi zangu, mahali ambapo mtaalamu yeyote angenicheka. Limeshika vizuri, mkono wangu haukosei. Juzi mama mmoja anayeleta ndizi kutoka Kanama alibisha hodi.

"Docteur, nipatie kidogo. Kifua inanibana tangu Pasaka."

Docteur! Nakiri lilinipendeza masikioni. Nilimchumia majani, nikachukua koti, nikafunga geti nyuma yetu.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Kituo cha afya, pamoja na wewe. Presha yangu nami sijaipima."

Tukaketi kwenye benchi la wagonjwa la nje, lile linaloonekana kutoka barabarani. Wapita njia walinisalimu kwa jina, mmoja baada ya mwingine, nami nikawaitikia wote.