Mbabula Itoke, Mtoto Apumue

Nakumbuka vizuri siku niliyomfokea mama mkwe wangu, mwanangu! Kwetu sisi wa asili ya Kasai, mke kijana hamwinulii sauti mama wa mumewe. Hata kumtazama usoni unaona haya.

Ilikuwa majira ya baridi, hapa mtaani kwetu Hewa Bora. Mama mkwe alikuja kumwona mjukuu wake Kapinga, mtoto wangu wa kwanza, mwenye pumu. Alimsikia akikohoa, akasema baridi imemwingia kifuani. Akawasha makaa kwenye mbabula, lile jiko letu la bati, akaiingiza chumbani na kufunga dirisha. Kwa upendo mtupu! Muuguzi alikuwa amenionya kuhusu moshi, lakini nikameza maneno.

Punde kifua cha Kapinga kikaanza kulia filimbi, mbavu zikawa zinaingia ndani. Akashindwa hata kuniita. Hapo heshima yote ikaniruka!

“Mama, tosha ile moto, ipeleke inje! Mutoto anakufa!”

Sikungoja jibu. Nilimbeba hadi uani penye hewa, nikamkalisha wima. Nikatikisa pompi yake ya pumu, ile ya kupulizia dawa, nikaichomeka kwenye chupa ya plastiki aliyonitobolea muuguzi, nikamwekea mdomo wa chupa kinywani, nikabonyeza. Akavuta pumzi, akatoa, akavuta. Nikabonyeza tena. Ah, mwanangu, filimbi ile ilipoanza kufifia nilicheka huku nalia! Kapinga akaomba mkate.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe. Akaniinua kwa ukali.

“Unaomba pardon ya nini? Ulijua, na ukanyamaza? Ile iko heshima gani, ya kuniacha niue mujukuu na mikono yangu?”

Kisha, kwa furaha ya mjukuu kupona, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Basi sikia. Mtoto wa pumu anakimbia na kucheza kama wenzake, mradi wakubwa wake wawe macho. Mwepushe na moshi, vumbi na manukato makali. Dawa ya kila siku mpe hata akiwa mzima, usiikatishe bila daktari. Pompi iwe karibu, na isipomsaidia, au midomo ikibadilika rangi, kimbia hospitali. Na mkubwa akikosea mbele ya mwanao, piga magoti ukitaka, lakini sema, tena mapema.

Mungu akupe watoto wenye vifua vyepesi, na akupe wewe sauti ya kuwatetea.