Mlango wa Mama Pindo

Mara ya kwanza nilipofika kwa Mama Pindo sikumfuata yeye, niliufuata mlango wake. Kazi yangu ni kununua milango, madirisha na mabati ya nyumba zinazobomolewa, na mtaa ule wote ulikuwa umeshahukumiwa. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao ngumu, mzito, bila ufa. Nikaugonga, nikauponda kama ilivyo ada ya mnunuzi.

"Dada, huu umeliwa na mchwa."

Hakuinua macho kwenye cherehani. "Mchwa gani huyo, ana meno ya chuma? Kaka, kama unatafuta kuni, jirani ana ngazi mbovu."

Nikapandisha bei, akacheka. Nikapandisha tena, akanipa kiti. Hapo nikajua siuziwi kitu. Mtu mwenye nia ya kuuza hukuacha umesimama.

Alikuwa fundi wa sare za shule, na hakuna aliyemfikia kwa kukunja pindo. Marehemu mumewe, seremala, aliwatengenezea milango nusu ya mji, na nyumbani kwake akaweka huo mmoja. Mtaani kwao mwenye nyumba alikukodishia kuta na paa tu. Mlango ulikuja nao na uliondoka nao. Ukikuta chumba hakina mlango huulizi, mwenyewe kahama.

"Nimehamahama nao tangu niolewe," aliniambia. "Safari hii nahamia kwangu."

Kwake kulikuwa kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa nyuma ya soko. Wapangaji ambao wangekutwa wakiishi mtaani siku ya uhakiki wangepata fleti za bei nafuu kwa mkopo wa benki, serikali ikiwadhamini. Bila udhamini huo, mjane asiye na hati wala mshahara angeishia kwa mlinzi wa geti la benki.

"Uzee dawa," alisema. "Nimepata mdhamini asiyenitaka kimapenzi."

Tatizo, fremu za fleti zilikuwa nyembamba kuliko mlango wake. Akaenda kupima fremu kwa utepe wake wa kushonea, mafundi wa ujenzi wakimtania. Asubuhi moja akaung'oa mlango, akaupeleka kwa seremala aliyefundishwa kazi na mumewe ili aupunguze. Chumba kisichofungika hakiachiwi mali, kwa hiyo godoro, cherehani na vyombo alivihifadhi kwa jirani. Jirani akafunga kwake, akaenda kibaruani.

Wahakiki wakaja siku hiyohiyo. Hawakutangaza, wakihofia wajanja watakaohamia usiku mmoja ili wapate fleti. Mjumbe wa mtaa ndiye aliyewaongoza. Alipofika kwa Mama Pindo akakuta chumba kitupu, bila mlango. Hakuwa na kinyongo naye; alielewa ambavyo yeyote wa mtaa ule angeelewa.

"Huyu kahama," akasema. Wakachora msalaba wa chaki ukutani.

Nilikuwa kwa jirani wa pili nikivutana bei ya mabati, wahakiki wameshaondoka na orodha yao, mkokoteni ulipoleta mlango, umepigwa msasa unang'aa. Mama Pindo aliuona msalaba, akaufuta kwa kiganja.

"Mjumbe, nimehama lini mimi? Jana si ulinisalimia?"

"Mama, nilijua umetangulia kwa..." Mjumbe ndiye aliyelia kwanza.

Ofisini wakamwambia majina yamefungwa. Benki ikamwambia asiyedhaminiwa hakopeshwi. Nilimsindikiza mara moja. Mdomo huu umeshauza hadi misumari iliyopinda, lakini kule sikupata wa kubishana naye. Kila meza ilinielekeza meza nyingine.

Mtaa ukabomolewa. Akahamia kwa mdogo wake, akawa analala sebuleni nyuma ya pazia. Akaniita.

"Njoo uuchukue."

Nikataja bei ya chini, bei ya kuanzia. Akaitikia kwa kichwa.

"Dada, bisha basi."

"Nibishe, halafu nikauweke wapi?"

Mlango uliopunguzwa vile hauingii nyumba ya zamani. Ulikuwa na soko moja tu, na nikaupeleka hukohuko ghorofani, kwa mtu aliyechoshwa na mlango hafifu aliokabidhiwa. Faida ilikuwa nzuri, sikatai.

Baadaye nilimpelekea suruali anikunjie pindo. Alishona mpaka mwisho, ndipo akaniuliza habari za mlango.

"Uliingia?"

"Uliingia. Hata randa haikuguswa."

Akakata uzi kwa meno, akanikabidhi suruali yangu.

"Basi nilipima vizuri," akasema.